Zawadi Ndogo Isiyo na Masimango

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama mara ya pili: desturi ya mtu kukaa robo saa au nusu saa kila siku, akatengeneza kitu kidogo cha sanaa kwa mkono wake, kisha akakitoa bure kwa mwenzake. Pengine ni picha ya ukubwa wa kiganja, au ndege wa karatasi iliyokunjwa, au jina la mtoto lililoandikwa kwa hati nzuri na kuzungushiwa maua, au kikuba cha asumini kilichofungwa vizuri kikapelekwa kwa jirani kabla ya magharibi. Watu wazima wakiyaona hayo, wengi wao watakwambia ni mchezo wa watoto, au ni shughuli ya mtu asiye na shughuli. Mimi nashikilia kinyume chake. Kati ya njia zote za kumtendea mtu wema, hii ni mojawapo ya zile chache ambazo hazimwelemei anayetoa wala hazimwinamishi anayepokea, na nguvu yake inatoka katika mambo mawili tunayoyadharau: udogo wa kitu chenyewe, na kule kurudiwa kwake siku baada ya siku. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na wapinzani wa jambo hili nitawajibu njiani, maana hoja zao nyingine ni nzito.

Tuanzie mbali, Japani ya karne ya 17. Mwaka 1632, katika jimbo la Mino ambalo leo ni sehemu ya Gifu, alizaliwa mtu aliyekuja kuwa mtawa wa Kibudha kwa jina la Enkū. Huyu hakutulia katika nyumba ya watawa. Alitembea kwa miguu mwaka hadi mwaka, akafika mpaka kisiwa cha kaskazini ambacho leo huitwa Hokkaido, na kila alipopita alichonga. Inasimuliwa kwamba aliweka nadhiri ya kuchonga sanamu 120,000 kabla ya kufa. Alifariki mwaka 1695, na sanamu zake zinazojulikana hadi leo ni zaidi ya 5,000, hesabu ambayo peke yake inatosha kutuonyesha mkono usiopumzika. Sasa tazama alivyochonga. Mafundi wa mahekalu makubwa wa zama zake walilainisha mti, wakaupaka rangi, wakaufunika kwa dhahabu. Enkū alichukua kishoka na patasi, akapasua gogo, au kisiki, au kipande cha ubao kilichotupwa, akatoa uso wenye tabasamu kwa mikato michache, akaziacha alama za chuma zionekane waziwazi. Nyingine zina urefu wa sentimita chache tu, mtu angeweza kuzifumbata mkononi. Alimpa mkulima aliyemlaza usiku mmoja, alimpa aliyeuguliwa, alimpa aliyefiwa, naye akaendelea na safari. Na inasimuliwa pia kwamba katika baadhi ya vijiji watoto walizichukua sanamu hizo wakaenda nazo mtoni, wakazielesha majini na kuchezea.

Hilo la watoto mtoni ndilo linalonifanya nimtaje yeye kabla ya wasanii wengine wote. Sanamu iliyofunikwa kwa dhahabu haichezewi majini. Ina mlinzi, ina kufuli, ina siku maalumu ya kuonyeshwa. Kitu kidogo cha mti, kilichochongwa kwa muda mfupi na kutolewa bila bei, kiliingia kwenye nyumba ya maskini kikawa mali yake kweli, hata akathubutu kumwachia mtoto. Kwa miaka mingi wajuzi wa sanaa hawakumhesabu Enkū kuwa fundi. Leo sanamu zake zinatunzwa katika mahekalu na makumbusho, na mikato ileile iliyoonekana ya haraka ndiyo inayosifiwa. Lakini sifa hiyo ilikuja baada ya mamia ya miaka, na yule mkulima aliyemlaza hakuingoja ndipo apate faraja.

Kiswahili kina neno zito la kutusaidia hapa: masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea ili ajione mdogo mbele yako. Nani asiyelijua jambo hilo? Chakula kilicholiwa miaka kumi iliyopita kinatajwa barazani, ada ya shule iliyolipwa na mjomba inatajwa siku ya ugomvi. Mwanazuoni wa Kifaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu kuhusu zawadi iliyotoka mwaka 1925, alizichunguza jamii nyingi za dunia akaona kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, na wajibu wa kurudisha. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Michango yetu ya harusi huandikwa kwenye daftari, jina na kiasi, na anayechanga leo anajua kwamba kesho zamu itakuwa yake ya kuchangiwa. Sisemi utaratibu huo ni mbaya, kwa sababu ndio unaotuzika na kutuoza, na jamii isiyo na daftari hilo ni jamii ya watu wapweke. Nasema tu kwamba ni deni. Mwenye kipato kidogo anaposaidiwa kwa kitu kikubwa hupokea na mzigo wake, na ndiyo maana watu wengi waungwana huficha shida zao kuliko kusaidiwa. Sasa mpe mtu huyohuyo kikaratasi chenye picha ya mnazi uliouchora asubuhi. Atakirudisha kwa lipi? Utamsimangia nini? Hakuna daftari linaloweza kukiandika. Udogo wake umekitoa kabisa katika hesabu ya madeni, kikabaki na jambo moja tu la kusema: leo nilikukumbuka, na kukumbuka huko nikakupa muda wangu.

Wapo waliojaribu kulipima jambo hili kwa vipimo vya kitaalamu. Mwaka 2008 watafiti Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio lililofanyika Vancouver, Kanada. Waliwapa watu 46 pesa asubuhi, baadhi dola 5 na baadhi dola 20, wakawaambia wengine wazitumie kwa ajili yao wenyewe, na wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni waliulizwa hali zao. Waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na jambo lililonivutia mimi kuliko hilo ni kwamba dola 20 hazikuleta furaha zaidi ya dola 5. Watu 46 ni wachache, nakubali, na mtu mwangalifu hajengi nyumba juu ya nguzo moja. Ndiyo maana ni vizuri kwamba baadaye utafiti wa aina hiyo ulifanywa pia hapa kwetu Afrika Mashariki, nchini Uganda, ukilinganishwa na Kanada. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika nchi zote mbili watu waliokumbuka pesa walizotumia kwa wenzao walijisikia vizuri kuliko waliokumbuka pesa walizojitumilia wenyewe. Tofauti ya kipato kati ya nchi hizo mbili tunaijua sote. Kama furaha ya kutoa ingekuwa mali ya matajiri, Uganda ingetoa jibu lingine.

Nimesema pia juu ya kurudia kila siku, na hapa kuna Mjapani mwingine, wa juzijuzi. Msanii On Kawara, aliyeishi muda mrefu New York, alianza mwaka 1968 kutuma postikadi mbili kila siku kwa watu aliowafahamu, akaendelea hivyo mpaka mwaka 1979. Zilikuwa kadi za kawaida za watalii, zenye picha za mji aliokuwa akikaa siku hiyo. Nyuma yake alipiga mhuri wa tarehe, jina lake, anwani, na saa aliyoamka. Basi, hakuongeza neno. Mtu angeweza kusema kadi moja ya namna hiyo haina thamani yoyote, naye angekuwa karibu na ukweli. Lakini fikiria unapokea moja, na kesho nyingine, na wiki ijayo nyingine, kutoka kwa mtu ambaye jambo lake la kwanza baada ya kufungua macho ni kukuarifu kwamba ameamka. Kurudiwa kumekipa kitu kile uzito ambao udogo wake ulikinyima. Ndivyo ilivyo hata kwenye salamu zetu. "Umeamkaje?" ya siku moja haina habari kubwa ndani yake, "umeamkaje?" ya miaka ishirini kutoka kwa jirani yuleyule ni ujirani wenyewe. Kazi ya sanaa ya kila siku inafuata njia hiyohiyo, na faida yake kwa anayetoa ni kwamba hakuna siku moja inayobeba kila kitu. Picha ya leo ikiharibika, kesho kuna nyingine. Anayechora mara moja kwa mwaka ana haki ya kuogopa karatasi, kwa sababu mwaka mzima wake umekaa juu ya karatasi hiyo.

Hapa ndipo wengi wenu mnaponikatiza, nawasikia, mkisema mkono wenu haujui kuchora na mtaaibika. Aibu hiyo naichukulia kwa uzito, kwa sababu inawazuia watu wema kuliko uchoyo unavyowazuia watu wabaya. Amit Kumar na Nicholas Epley, watafiti wa Marekani, waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowahi kuwafaa, kisha wakabashiri wapokeaji watajisikiaje. Halafu wapokeaji wenyewe wakaulizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waandishi walidhani wapokeaji wataona haya kuliko ilivyokuwa, na hawakukisia furaha yao ilivyokuwa kubwa. Sababu yake inaingia akilini kabisa: anayetoa hukaa akijiuliza kama maneno yamepangika vizuri, lakini anayepokea hatazami mpangilio, anatazama moyo uliomwandikia. Nami naona hivyo hata kwenye mchoro. Mstari uliopinda unamsumbua aliyeuchora; aliyechorewa anaona kwamba kuna mtu aliyekaa kitako akamfikiria.

Kuna ushahidi mwingine, wa mwaka 2016, kutoka Chuo Kikuu cha Drexel huko Philadelphia, ambako watu wazima 39 walipewa udongo, kalamu za rangi na karatasi za kubandika, wakatengeneza walichotaka kwa dakika 45. Walipopimwa mate yao kabla na baada, karibu watu watatu katika kila wanne walikuwa wamepungukiwa na kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa msongo, na wenye uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wasio na uzoefu. Sitaki kuutumia ushahidi huu kupita uwezo wake, kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha nao lililokaa tu bila kuchora, na robo ya watu hao hawakupungukiwa na kitu. Lakini unatosha kumwondolea mtu dhana kwamba sanaa ina faida kwa mafundi tu.

Ila kuna utafiti unaokwenda kinyume na upande wangu, na sitauficha. Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kutaja bei ya kununua vitu vya karatasi walivyokunja wenyewe, makorongo na vyura. Aliyekunja alikuwa tayari kulipa kama senti 23 kwa kazi yake mwenyewe. Watu wengine, kwa kitu kilekile, walitoa senti 5. Kwa hiyo tunazipenda kazi za mikono yetu kupita kadiri, na yule anayekuletea picha yake kila siku huenda anakiona kito mahali ambapo wewe unaona karatasi. Hili ni kweli, na dawa yake ni adabu ya mtoaji. Ukishatoa, umetoa. Usirudi baada ya miezi mitatu ukatazama ukutani na kuuliza, "Ile picha yangu mliiweka wapi?" Swali hilo ni mlango wa masimango, na kitu ambacho hakikuwa na deni umekwisha kukitia deni. Mwachie mwenye mali mali yake, aitundike, aifungie vitumbua, au ampe mtoto aende nayo mtoni.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linahusu njaa. Mtu mwenye njaa, wanasema, anataka unga. Ukimpelekea picha ya ua umemdhihaki. Kulijibu hili inabidi nisimulie habari za korongo wa karatasi. Sadako Sasaki alikuwa na umri wa miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Februari 1955 alilazwa hospitalini akiwa na saratani ya damu. Agosti ya mwaka huo watu wa mji wa Nagoya walipeleka hospitalini makorongo ya karatasi kuwapa pole wagonjwa, kwa kuwa Wajapani husema anayekunja elfu moja hupata anachokiomba. Sadako alipoyaona, naye akaanza kukunja, akitumia hata karatasi zilizofungiwa dawa. Hakupona; alifariki tarehe 25 Oktoba 1955. Ukiipima zawadi ya Nagoya kwa kipimo cha tiba, haikufanya kazi. Lakini ilimpa mtoto aliyekuwa akingoja kifo kitu cha kufanya kwa mikono yake, na ilipompa hicho ilimtoa katika hali ya kupokea tu, sindano, uji, huruma za watu, ikamweka katika hali ya mtu anayetengeneza. Hospitali nzima haikuwa na dawa ya jambo hilo. Mnara wa kumkumbuka yeye na watoto wengine wa bomu ulizinduliwa Hiroshima mwaka 1958, na leo mji huo hupokea kila mwaka makorongo yanayokadiriwa kufikia milioni 10, uzito wa tani 10 hivi.

Hata hivyo, Japani hiyohiyo wanabishana kuhusu makorongo haya. Tetemeko linapotokea na watu wakalala kwenye kumbi za shule, hufika maboksi ya makorongo kutoka kila upande wa nchi, na wanaoshughulikia maafa husema waziwazi kwamba walihitaji maji, blanketi na nafasi ya kuyaweka. Nakubaliana nao moja kwa moja. Anayehitaji unga apewe unga kwanza, na mwenye uwezo wa unga asijifiche nyuma ya ua alilolichora. Lakini tazama kosa la yale maboksi lilipo. Kitu kidogo kimefanywa kikubwa, kimekusanywa kwa maelfu, kimesafirishwa kwa lori kwa watu wasiojulikana majina, mpaka kikawa mzigo kama mizigo mingine. Korongo mmoja aliyewekwa juu ya kifurushi cha mchele anaopelekewa mama mmoja ambaye unamjua jina hachukui nafasi ya mtu yeyote. Na huyo mama, kwa maoni yangu, anamhitaji. Mchele unamwambia kwamba ana tumbo. Yule korongo anamwambia kwamba bado anahesabiwa miongoni mwa watu wanaopewa vitu vizuri.

Wachoraji wanaoishi kwa sanaa watauliza: mkigawa bure, sisi tutakula nini? Swali hili lina haki yake hapa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zing'aazo juu ya vipande vya ubao vya mraba, alikuwa akitafuta riziki, na baada ya kifo chake mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake walilea familia kwa kazi hiyo. Sijaona sababu ya kuamini kwamba kikaratasi nilichochorewa na jirani kitanizuia kununua picha ya tingatinga. Naona kinyume chake, kwamba mtu aliyewahi kuhangaika na shingo ya twiga kwa nusu saa ndiye atakayeacha kulalamikia bei ya fundi. Kinachowaumiza wachoraji ni sentensi nyingine kabisa, ile ya "nichoree tu haraka, wewe si unajua?" Hapo anayetoa hakuchagua kutoa, ameombwa jasho lake kwa jina la urafiki. Zawadi ninayoizungumzia hutoka kwa mwenye mkono mwenyewe, wala haidaiwi.

Siku hizi kuna pingamizi jipya: simu inaweza kutoa picha nzuri kwa sekunde chache, ukiiambia tu unachotaka. Kwa nini basi mtu ajichoshe? Jibu zuri kabisa ninalolijua linatoka kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu. Huko wanawake wa Kihindu huamka alfajiri, hufagia na kunyunyizia maji mbele ya kizingiti, kisha huchora kwa unga wa mchele uliominywa kati ya vidole mchoro wa nukta na mistari inayozungukana, unaoitwa kolamu. Ni sanaa ya kila siku kwa maana kamili, kwa sababu ikifika adhuhuri miguu ya wapitao, upepo na wadudu vimekwisha kuifuta, na kesho huchorwa nyingine. Ni zawadi vilevile. Mgeni hupambiwa njia, na sisimizi na ndege hupata chakula, maana unga ule ni mchele wa kweli. Wenyewe huhesabu kwamba siku imeanza kwa kulisha viumbe wasioweza kulipa. Sasa madukani huuzwa kolamu zilizochapwa kwenye plastiki, za kubandika sakafuni. Mistari yake imenyooka kuliko ya mkono wowote, wala haifutiki. Ila sisimizi wakifika hawakuti kitu. Picha ya mashine ninaiona hivyo. Siichukii, na ina mahali pake, lakini ile nusu saa ya mtu, ambayo ndiyo iliyokuwa chakula, haimo ndani yake. Ukimtumia mgonjwa picha mia zilizotengenezwa kwa dakika moja umemtumia dakika moja.

Kuhusu ria, yaani kutenda wema ili uonekane, sitasema mengi. Anayepiga video kila anapotoa, akamsogezea mpokeaji simu usoni ili atoe machozi mbele ya watazamaji, amemfanya yule mtu alipe kwa sura yake, na hiyo ni biashara. Afadhali picha iachwe chini ya mlango.

Kwa anayetaka kuanza, vifaa havina gharama. Kipande cha boksi la sabuni kikikatwa kwa ukubwa wa kadi kinapokea penseli, wino na rangi za maji. Karatasi ya daftari la zamani inakunjika. Magome, mbegu na vitambaa vya fundi cherehani vimejaa. Kinachohitajika zaidi ni saa maalumu, baada ya sala ya alfajiri au wakati maharage yako jikoni, na kumjua utakayempa kabla hujaanza, kwa sababu mkono hufuata anayefikiriwa. Wanawake wa pwani yetu wanaijua kazi ya namna hii tangu zamani. Msusi wa mkeka hakai siku moja akamaliza mkeka. Husuka ukili, ule utepe mwembamba wa ukindu uliotiwa rangi, kidogo leo huku akizungumza na wageni, kidogo kesho huku akimtazama mtoto, akauviringisha na kuuweka. Siku nyingi zikipita ndipo tepe zinaposhonwa pamoja, na mkeka huo ukapelekwa kwa bi harusi, au ukatandikwa msibani. Anayeukalia anakalia jioni za mtu, moja kando ya nyingine.

Nimalizie huko Nagoya, mji uleule uliopeleka makorongo. Kuna hekalu huko liitwalo Arako Kannon, na langoni pake wamesimama walinzi wawili wakubwa wa mti, warefu kuliko mtu yeyote, kazi ya Enkū. Hekalu hilo lina sanamu zake zaidi ya 1,200. Mwaka 1972, ndani ya mnara wa hekalu, lilipatikana sanduku lililokuwa limesahaulika, na humo mlikuwa na visanamu vidogo zaidi ya 1,000, vingine vyembamba kama njiti, kila kimoja kina macho na mdomo uliokatwa kwa ncha ya chuma. Inaelezwa kwamba alivichonga kutokana na vibanzi vilivyokuwa vikidondoka miguuni pake alipokuwa akiwachonga wale walinzi wawili.